Mbwa wa Akita na Deni la Bwana Wake

Wahenga walisema kwamba fadhila ya punda ni mateke. Je, fadhila ya mbwa ni nini? Juma hili tutawapa habari za mbwa mkubwa wa nchi ya Japani, aitwaye Akita. Habari zake zatufundisha mambo mawili: jinsi mnyama awezavyo kumtumaini mtu, na jinsi mtu awezavyo kumsahau mnyama huyo.

Akita ni jina la jimbo lililo kaskazini mwa Honshu, kisiwa kilicho kikubwa kupita vyote vya Japani. Huko kuna milima mingi, na wakati wa baridi theluji huanguka hata kufunika njia. Wawindaji wa milima ile, waitwao matagi, walifuatana na mbwa wao katika kuwinda dubu, nguruwe-mwitu na kulungu. Mbwa hakutumwa kumwua dubu; angewezaje? Kazi yake ilikuwa kumfuatia na kumzuia, mpaka bwana wake afike na silaha. Kazi ya namna hii yataka moyo usioogopa, na akili ya kukata shauri pasipo kungojea amri. Tabia hizo mbwa wa Akita anazo hata leo.

Tumtazame sasa umbo lake. Dume hufika kimo cha sentimeta 67 hivi begani, na jike sentimeta 61. Kichwa chake ni kipana, macho ni madogo, masikio yamesimama na kuinama kidogo mbele, na mkia umejikunja juu ya mgongo. Manyoya yake ni ya tabaka mbili: ya nje ni magumu, ya ndani ni laini tena mengi, nayo humkinga na baridi. Wako wekundu, wako weupe, na wako wenye michirizi.

Ukoo wake ni wa zamani sana. Mwaka 2004 wataalamu wa Marekani walichungua urithi wa damu wa mbwa wa aina 85. Waliona kwamba aina chache tu ni za kale hasa, zilizo karibu na mbwa-mwitu kuliko nyingine. Miongoni mwa hizo alikuwamo Akita wa Japani, na pamoja naye yule mbwa mdogo wa misitu ya Kongo asiyebweka, ambaye Wazungu humwita Basenji. Kumbe hao wawili, ingawa makwao ni mbali namna hii, wote ni wazee katika jamii ya mbwa!

Lakini uzee wa ukoo haukumwokoa Akita na tamaa za watu. Katika mji wa Odate watu walipenda kupiganisha mbwa, nao wakataka wawe wakubwa zaidi. Basi wakawachanganya na mbwa wengine, wa Japani na wa Ulaya, hata umbo la asili likaanza kupotea. Mwaka 1927 meya wa Odate alianzisha chama cha kuwahifadhi, na mwaka 1931 serikali ya Japani ikatangaza kwamba mbwa wa Akita ni mali ya asili ya taifa, isiyofaa kuharibiwa.

Yuko mbwa mmoja wa aina hii ambaye sifa zake zimeenea dunia nzima. Jina lake ni Hachiko, na neno hachi katika Kijapani maana yake ni nane. Alizaliwa karibu na Odate mwaka 1923, akapelekwa Tokyo kwa Bwana Hidesaburo Ueno, mwalimu wa elimu ya kilimo katika chuo kikuu. Mbwa huyo alizoea kumngojea bwana wake kwenye stesheni ya Shibuya. Siku ya 21 Mei 1925 Bwana Ueno alifariki ghafula akiwa kazini. Hachiko hakuweza kuelezwa habari hiyo. Aliendelea kuja stesheni na kutazama watu wakishuka garini, karibu miaka kumi, mpaka alipokufa tarehe 8 Machi 1935.

Watu husimulia habari hii kwa machozi, lakini mara nyingi huacha sehemu moja. Katika miaka ya kwanza watu wengi pale stesheni hawakumheshimu mbwa huyo. Alifukuzwa na kupigwa kama mbwa asiye na mwenyewe. Ni mwaka 1932, gazeti lilipoandika habari zake, ndipo walipoanza kumpenda. Mwaka 1934 akasimamishiwa sanamu ya shaba, naye mwenyewe alikuwapo siku ya kuifunua.

Heshima hiyo haikudumu. Vita kuu ya pili ikaja, na sanamu ile ikayeyushwa kwa ajili ya madini yake. Chakula kilipungua, na mbwa wengi walichukuliwa wauawe ili ngozi zao zitumike kwa mavazi ya askari. Vita ilipokwisha mwaka 1945, mbwa wa Akita waliosalia walikuwa wachache mno. Waliokoka kwa sababu watu kadha wa kadha waliwaficha na kuwagawia chakula chao wenyewe kilichokuwa haba. Mwaka 1948 sanamu mpya ya Hachiko ikasimamishwa palepale Shibuya, nayo ipo hata leo.

Je, mbwa huyu hufugwaje? Kwa watu wa nyumbani ni mpole na mtulivu, habweki ovyo. Kwa wageni hujitenga na kuwaangalia. Mara nyingi hapatani na mbwa wengine, hasa wa jinsia yake, tena aweza kufukuza wanyama wadogo. Kwa hiyo afundishwe tangu udogoni, kwa uthabiti na pasipo fimbo, kwa kuwa akipigwa hupoteza imani. Azoezwe kuona watu wengi. Mtoto mdogo asiachwe peke yake pamoja na mbwa mwenye nguvu namna hii. Atembezwe kila siku kwa kamba, achanwe manyoya, hasa nyakati mbili za mwaka anapoyapukutisha, na apate kivuli na maji safi daima. Joto kali humdhuru, kwa maana mwili wake uliumbwa kwa theluji. Akitunzwa vema huishi miaka kumi na zaidi.

Jambo moja lawahusu wafugaji wote, hata wa mbwa wa kwetu: chanjo ya kichaa cha mbwa. Japani ilitoa sheria ya kuchanja mbwa mwaka 1950, na mwaka 1957 ugonjwa huo ukakomeshwa kati ya wanyama wa nchi ile. Kwetu bado unaua, na waumwao mara nyingi ni watoto. Mtu akiumwa na mbwa, kidonda kioshwe mara moja kwa maji mengi na sabuni muda wa dakika 15, kisha aende hospitali siku hiyohiyo, hata kama kidonda ni kidogo. Asingojee kuona dalili, kwa kuwa dalili zikionekana dawa haifai tena.

Basi, wazazi na wanafunzi, uaminifu wa Hachiko twausifu sote. Lakini mbwa hakuchagua bwana wake. Bwana ndiye aliyemchagua. Anayeleta mtoto wa mbwa nyumbani ajiulize kwanza: Nitampa chakula na maji kila siku? Nitampeleka kuchanjwa? Nitamtunza hata atakapozeeka asiweze kulinda mlango? Asiyeweza kujibu ndiyo, afadhali asimlete.