Tiba ya Kichina mitaani Eastlands: Kosa si la wanawake pekee

KATIKA mitaa ya Eastlands jijini Nairobi, kuanzia Kayole na Umoja hadi Donholm na Buruburu, vidonge, chai na vifundo vya mitishamba kutoka China vimekuwa kimbilio la wanawake wenye maradhi ambayo wengi huona haya kuyataja hadharani: maumivu makali ya hedhi, uvimbe katika mji wa uzazi, damu isiyokatika na kukosa kushika mimba.

Bidhaa hizi aghalabu haziuzwi na daktari. Huuzwa katika mikutano ya vyama vya akina mama, kwenye saluni na kupitia simu. Muuzaji mara nyingi ni jirani aliyejiunga na mtandao wa mawakala, ambaye faida yake huongezeka kadiri anavyowasajili wengine.

Ni rahisi kuwalaumu wanunuzi kwa ujinga, na wengi wanaoandika kuhusu suala hili huishia hapo. Hata hivyo, wanawake hawa hawajakosa akili. Wamekosa wa kuwasikiliza. Shirika la Afya Duniani (WHO) linakadiria kuwa mwanamke mmoja kati ya kila 10 walio katika umri wa kuzaa ana endometriosisi, hali ambapo tishu zinazofanana na utando wa mji wa uzazi huota nje yake. Idadi hiyo ni takriban wanawake na wasichana milioni 190 ulimwenguni. Ugonjwa huu hauna tiba ya kuumaliza kabisa, na huchukua miaka kutambuliwa. Msichana anayezirai kila mwezi huambiwa na mamake, na wakati mwingine na mhudumu wa afya, kwamba hayo ndiyo maisha ya mwanamke na yatakwisha akizaa.

Mwenye uvimbe wa faibroidi naye hutajiwa upasuaji, gharama yake, na pengine kuondolewa kwa mji wote wa uzazi. Kwa mke ambaye bado anasubiri mtoto wa kwanza, hiyo ni hukumu. Muuzaji wa dawa za Kichina huketi naye sebuleni, humsikiliza hadi mwisho, humpa jina la ugonjwa wake na kumruhusu alipe kidogo kidogo. Ni hospitali ipi ya umma inayoweza kushindana na hayo?

Wala tiba ya Kichina yenyewe si uganga wa kubahatisha. Dawa mseto ya malaria inayotolewa katika zahanati za Kenya ina asili yake katika mmea uliotajwa na vitabu vya kale vya China, na mtafiti Tu Youyou alitunukiwa Tuzo ya Nobel mwaka 2015 kwa kazi hiyo. Lakini mmea ule ulipasishwa na maabara na majaribio, si na sifa za kale.

Ni katika majaribio ambapo madai mengi kuhusu uzazi hulegea. Utafiti uliofanywa China kwenyewe na kuchapishwa mwaka 2017, ukihusisha wanawake 1,000 ambao ovari zao zina vifuko vingi na homoni zimevurugika, ulibaini kuwa kudungwa sindano za akupancha hakukuongeza idadi ya waliojifungua. Kuhusu mitishamba ya kuyeyusha faibroidi, ushahidi uliopo ungali hafifu. Na nchini Ubelgiji, mapema miaka ya 1990, wanawake waliopewa mitishamba ya Kichina ya kupunguza uzani waliharibika figo baada ya mmea mmoja kuchanganywa na mwingine wenye sumu.

Vifundo vinavyoingizwa ukeni vina hatari yake. Uchafu unaotoka baada ya siku chache huonyeshwa kama sumu iliyosafishwa, ilhali madaktari husema huenda ni utando wa uke uliochubuka.

Jambo linalosahaulika ni kuwa kinachouzwa Kayole sicho kinachofanyika Beijing. China ilianza kufungua vyuo vikuu vya tiba hiyo mwaka 1956, na daktari wake husoma kwa miaka kadhaa. Mgonjwa mwenye uvimbe anaweza kupigwa picha ya ultrasaundi katika hospitali hiyo hiyo kabla ya kuandikiwa majani. Eastlands imepokea majani bila daktari. Kinaya ni kwamba Hospitali ya Mama Lucy Kibaki, inayowahudumia wakazi wa mitaa hii, ilijengwa kwa msaada wa serikali ya China.

Hasara kubwa kuliko zote ni muda. Damu inayotoka nje ya siku za hedhi yaweza kuwa faibroidi, na yaweza kuwa saratani ya mlango wa kizazi, ambayo inakadiriwa kuua zaidi ya wanawake 3,000 nchini kila mwaka. Ikigunduliwa mapema hutibika. Anayemeza vidonge kwa miezi sita huku akihakikishiwa kuwa "damu chafu inatoka" hufika hospitalini akiwa amechelewa.

Serikali haiwezi kudai haikuliona hili. Ibara ya 43 ya Katiba ya 2010 inampa kila mtu haki ya huduma za afya, zikiwemo za uzazi. Sheria ya Afya ya 2017 iliagiza kuundwe, kupitia sheria ya Bunge, chombo cha kusajili na kusimamia matabibu wa kiasili na wa tiba mbadala, na pawepo utaratibu wa matabibu hao kuwaelekeza wagonjwa hospitalini. Kwa miaka mingi kabla ya hapo, waganga walikuwa wakisajiliwa na idara ya utamaduni, kana kwamba ni wacheza ngoma.

Bodi ya Dawa na Sumu husajili bidhaa za mitishamba, lakini nyingi hupitishwa kama virutubisho vya chakula, na muuzaji huongeza madai ya uponyaji kwa mdomo tu, mahali ambapo hakuna mkaguzi. Kwa mnunuzi wa Umoja, agizo lile la 2017 halijabadili chochote: jirani anayemuuzia vidonge hana wajibu wowote wa kumwambia aende kwanza kupimwa, na akienda, faida ya jirani hupotea.