Maji ya Chini ya Ardhi Nayo Yahitaji Ulinzi

Ndugu askari, mlinzi hodari hujulikana kwa kumtambua adui kabla hajaingia kambini. Katika bonde la Kilembe, wilayani Kasese, yuko adui asiyepita langoni. Njia yake ni chini ya ardhi.

Mgodi wa Kilembe ulitoa shaba tangu 1956 hadi 1982. Shaba ilisafirishwa kwa reli hadi Jinja. Mabaki yakaachwa bondeni. Mamilioni ya tani yalirundikwa karibu na Mto Nyamwamba, na huko Kasese yakawekwa marundo ya pairaiti, jiwe la chuma na salfa lenye kobalti ndani yake. Jiwe hilo likipata hewa na mvua huzaa asidi, nayo asidi huyeyusha shaba, nikeli na kobalti. Sehemu ya maji hayo hutiririka hadi Ziwa George. Sehemu nyingine huzama ardhini. Mafuriko ya Mei 2013 na ya Mei 2020 yaliyamomonyoa mabaki hayo na kuyatawanya.

Wako wasemao kuwa mgodi ulikwisha fungwa, basi gharama ya kupima maji ni ya nini? Kauli hiyo si sahihi. Kilichofungwa ni mgodi. Mabaki yangali yakinyeshewa. Tena macho hayatoshi kuhukumu, kwani maji angavu yaweza kuwa na sumu.

Hapana budi vichimbwe visima vya uchunguzi, kimoja upande wa juu wa marundo na vingine upande wa chini, ili maji yalinganishwe. Yapimwe wakati wa mvua na wakati wa kiangazi, mwaka hadi mwaka. Mara nyingi salfeti hutangulia, madini yenye sumu yakafuata nyuma. Anayeitambua mapema hupata nafasi ya kuwaonya wananchi. Apimaye mara moja akafunga daftari ni sawa na mlinzi aliyezunguka kambi jioni, kisha akalala.

Jambo hili latuhusu. Askari na polisi, pamoja na jamaa zao, hunywa maji ya ardhi ile ile wanywayo raia. Kabla ya kuchimba kisima cha kambi, yafaa tuulize kuna nini mlimani juu yake. Tuonapo mabaki yakimomonyoka, tutoe taarifa. Nao wapimaji wawasomee wananchi matokeo, wasiyafungie kabatini. Maji yakishaharibika chini ya ardhi, kuyasafisha ni kazi ya miaka mingi. Kuyalinda leo ni wajibu wetu sote.