Saa Janja, Mjanja Nani?

Tuanze na hili ili tusipotezeane muda: kuriseti saa janja si kuitengeneza. Ni kuifuta. Fundi akija kwako, aone paa linavuja, kisha akushauri utoe viti, sufuria na picha za ukutani ndipo mvua ikome kuingia, utamfukuza. Lakini mtu wa kastoma kea akikwambia saa yako ni nzito, ifute yote irudi ilivyotoka kiwandani, unasema asante na unampa nyota tano.

Mimi nimechoka na huu ushauri. Saa inachelewa kuwaka ukiinua mkono? Riseti. Chaji inaisha saa nane mchana? Riseti. Ujumbe wa WhatsApp unatetemesha mkono wakati ushaujibu kitambo kwa simu? Riseti. Umetembea kutoka Ngara hadi Afya Centre na saa inasema umepiga hatua 40? Riseti, bana. Daktari mwenye dawa moja ya malaria, mguu uliovunjika na njaa tungemwita tapeli. Huyu wetu tunamwita huduma kwa wateja.

Sisemi kuriseti hakusaidii kamwe. Saa janja ni kompyuta ndogo: ina prosesa, ina hifadhi, ina vihisi, ina redio ya Bluetooth, na ina betri iliyobanwa ndani kama abiria wa tano kwenye kiti cha watu watatu. Ukiriseti, unagusa kitu kimoja tu katika hivyo vyote, nacho ni yaliyoandikwa kwenye hifadhi. Kama shida ni programu iliyokwama, mabaki ya sasisho lililokatika katikati, hifadhi iliyojaa pomoni, au muunganisho wa saa na simu ulioharibika, riseti itakusaidia. Hapo sina ugomvi.

Ugomvi ni kwa yale mengine. Riseti haiongezi betri umri. Haibadilishi prosesa ya miaka minne iliyopita iwe ya mwaka huu. Haiondoi uzito wa sasisho jipya, maana ukimaliza kufuta, kitu cha kwanza saa itakachokuomba mara nyingi ni upakue lile lile sasisho. Na ile raha ya siku ya kwanza, mtu anaposema "ona sasa inavyoteleza", ni kwa sababu saa iko tupu. Matatu isiyo na abiria hupanda mlima vizuri. Warudishe abiria, yaani programu zako, jumbe zako, muziki wako, kisha ngoja wiki moja.

Tuongee juu ya betri, kwa sababu hapo ndipo uongo unapojificha. Betri hizi za lithiamu huzeeka. Kila ukichaji, uwezo wake wa kushika umeme unapungua kidogo. Apple wenyewe wanasema betri ya saa yao imeundwa kubaki na asilimia 80 ya uwezo wake baada ya kuchajiwa kikamilifu mara 1,000. Mtu anayechaji kila siku afanye hesabu: hiyo ni chini ya miaka mitatu. Sio siri, na wala sio kosa, hiyo ni kemia. Kosa ni kujua hilo, kisha kuifungia betri ndani kwa gundi, kisha kumwambia mwenye saa afute data zake kana kwamba data ndiyo iliyozeeka.

Tena tunao ushahidi wa hadharani, japo ni wa simu. Mwaka 2017 watu wenye iPhone za zamani walianza kugundua kitu cha ajabu: simu iliyokuwa nzito ilirudi kukimbia mara tu ilipowekwa betri mpya. Desemba mwaka huo Apple wakakiri kwamba masasisho yao yalikuwa yakipunguza kasi ya simu zenye betri zilizochoka, wakisema ni kuzizuia zisizime ghafla. Wakashusha bei ya kubadilisha betri kutoka dola 79 hadi 29. Mwaka 2020 Ufaransa ikawatoza faini ya yuro milioni 25 kwa kutowaambia wateja, na Marekani wakakubali kulipa hadi dola milioni 500 kumaliza kesi. Fikiria ni watu wangapi waliofuta picha zao, wakariseti, wakaanza upya, wakasubiri, na ugonjwa ulikuwa betri muda wote. Saa ina betri ya aina hiyo hiyo, ila ndogo zaidi, na ngumu zaidi kuifikia.

"Lakini riseti ni bure," mtu ataniambia. Si bure. Mama yangu ana presha, na kwa miezi 14 saa yake ilikuwa ikiandika mapigo ya moyo wake usiku. Si kifaa cha hospitali, na daktari wake alimwambia hivyo waziwazi, lakini bado alikuwa akiomba kuiona ile grafu kila kliniki. Saa ilipoanza kukwama, Mama alipigia simu laini ya msaada ya wenye saa. Akaambiwa ariseti saa, afute programu kwenye simu, aiweke upya. Akafuata kila hatua, na miwani machoni, akiandika kwenye karatasi. Programu mpya ilipofunguka, modeli yake haikuwa kwenye orodha. Walikuwa wameiondoa. Saa ikabaki imeganda pale pa kuomba iunganishwe na simu, na ile miezi 14 iliyokuwa kwenye programu ya zamani ikaenda. Alipopiga tena, jibu lilikuwa: "Mama, hiyo ni modeli ya zamani, lakini tuna ofa ya mpya." Ya zamani ilikuwa na miaka miwili na nusu. Mama alikata simu akaniuliza, "Kwa hivyo wamenifuta?"

Huo ndio ujanja wenyewe. Mara nyingi saa janja iliyorisetiwa haiwezi kuanza peke yake. Inahitaji programu kwenye simu, na hiyo programu mara nyingi inahitaji akaunti kwenye seva za kampuni. Siku wakiamua kufunga, mkononi unabaki na bangili. Waulize waliokuwa na Pebble, saa iliyochangiwa zaidi ya dola milioni 10 kwenye Kickstarter mwaka 2012. Fitbit wakanunua mali muhimu za kampuni hiyo mwishoni mwa 2016, na Juni 2018 huduma zake za mtandaoni zikazimwa. Saa zilikuwa nzima. Kilichoziokoa hakikuwa ukarimu wa kampuni yoyote, bali wapenzi wa Pebble waliojitolea, wakaanzisha Rebble na kujenga huduma mbadala. Google, waliokuwa wameimeza Fitbit, walifungua msimbo wa Pebble kwa umma Januari 2025, zaidi ya miaka sita baadaye.

Na msidanganywe kwamba kufuta ni lazima, ati mashine ndivyo zilivyo. Kwa miaka mingi, mwenye saa ya Wear OS akibadilisha simu alilazimika kuifuta saa yote ndipo iunganishwe na simu mpya. Wear OS 4 ilipokuja mwaka 2023, ikaruhusu kuhama bila kufuta, na ikaleta nakala ya akiba. Hakuna sheria ya fizikia iliyobadilika mwaka huo. Kuna watu ofisini waliamua tu kwamba muda wako una thamani.

Kinachoniudhi zaidi ni jinsi riseti inavyohamisha lawama. Saa ikiwa nzito, kosa linakuwa lako: umeweka programu nyingi, umechagua sura ya saa yenye madoido, hujafuta takataka. Unaambiwa ufanye, halafu "tuone kwa wiki mbili". Baada ya hizo wiki mbili, riseti tena, tuone tena. Wakati huo waranti inatembea. Saa nyingine zinaharibika ndani ya waranti na kufia nje yake, katikati wakiwa na ushauri tu.

Na fundi wetu je? Nenda Luthuli. Kuna watu pale wanafungua simu kwa mikono isiyotetemeka, wanabadilisha betri ukinywa soda. Mpe saa janja, atakwambia ukweli: skrini imegandishwa, akiipasha moto inaweza kupasuka, betri ya asili hapati, na akishafungua hawezi kukuhakikishia maji hayataingia. Si kwamba hajui kazi. Amefungiwa mlango kwa makusudi. Wenzetu wa Ulaya wameanza kuubisha: tangu Juni 2025, anayeuza simu na tableti katika Umoja wa Ulaya anatakiwa kuweka vipuri kwa miaka na kutoa masasisho kwa angalau miaka mitano. Saa ziliachwa nje ya sheria hiyo. Hata huko, mkono bado uko peke yake.

Sisi hatujakosa pa kusimama. Katiba ya 2010, kifungu cha 46, inampa mtumiaji haki ya bidhaa zenye ubora unaofaa, haki ya habari za kumwezesha kufaidika nazo kikamilifu, na haki ya fidia akipata hasara kwa sababu ya kasoro. "Habari" hapo nasoma hivi: niambie betri imebaki na asilimia ngapi. Niambie mtaacha kuisasisha saa hii mwaka gani, na uandike kwenye boksi, karibu na bei. Sheria ya Usimamizi Endelevu wa Taka ya 2022 nayo inamtaka mzalishaji awajibike kwa bidhaa yake hata ikishakuwa taka. Basi awajibike mapema, kabla haijafika Dandora, kwa kutuuzia betri na kumuuzia fundi kipuri.

Mpaka hapo, nakuomba jambo moja: riseti iwe ya mwisho, isiwe ya kwanza. Zima saa, iwashe. Angalia hifadhi imebaki kiasi gani. Toa programu uliyoweka juzi kabla shida haijaanza. Zima ile skrini inayowaka muda wote, ukae siku mbili. Kama saa yako inaonyesha afya ya betri, iangalie. Ikifika ni lazima kufuta, kwanza hamisha data zako mahali pako, hakikisha unakumbuka nywila ya akaunti, na uthibitishe kwamba programu ya simu bado inaitambua modeli yako. Usikubali kwa simu. Mwambie aandike: "Tumemshauri mteja afute data." Utashangaa jinsi watu hupoteza ujasiri wakiambiwa waandike.

Na akikwambia tena uriseti, muulize swali la mtu mzima: unafuta nini hasa, na ugonjwa uko wapi? Kama hajui, basi hajapima, anabahatisha kwa mali yako. Wahenga walisema mjinga akierevuka, mwerevu yupo mashakani. Hawa jamaa wameuza saa janja kwa miaka mingi wakitegemea mvaaji abaki mjinga. Tuerevuke.