Lubumbashi: Tunataka muziki wa bure, kisha tunalalamika

Wakaaji wa Lubumbashi, tuambiane ukweli. Nyota wa Kinshasa akitangazwa kuja huku, tikiti inauzwa kwa dola, na dola zinapatikana. Hata yule anayelia kila siku kwamba mshahara haujatoka, siku hiyo yuko pale mbele, shati limepigwa pasi. Lakini kijana wa Katuba au wa Kenya akiweka mlangoni bei ya chupa mbili za Simba, tunauliza: «Yeye naye ni nani? Si huyu tunachota naye maji?»

Mtu tuliyemwona akikua, hatutaki kumlipa. Kwenye harusi tunamwita apige tangu jioni mpaka usiku wa manane, halafu tunampa sahani ya bukari na kumwambia ashukuru, maana sasa watu wamemjua. Mwenye viti amelipwa. Mwenye hema amelipwa. Mpishi pia.

Wengine wanajitetea: wa hapa hawapigi vizuri, vyombo vyao vinakwaruza. Mara nyingi ni kweli. Vyombo vizuri wavinunue na nini? Na tusiseme kwamba Katanga haina vipaji. Mwenda Jean-Bosco aliimba kwa Kiswahili na gita moja tu. Hugh Tracey akamrekodi mwaka 1952 kule Likasi, wakati ule ikiitwa Jadotville, na mpaka leo kuna wapiga gita wa Ulaya na Marekani wanaojifunza namna yake ya kupiga. Vijana wetu wangapi wanamjua? Tshala Muana alizaliwa hapa hapa mwaka 1958. Ilimpasa aende Kinshasa, kisha Abidjan, ndipo nasi tukamwita malkia.

Sasa nifike kwenye jambo ambalo wasikilizaji hawapendi kulisikia. Mwanamuziki asiyelipwa na raia atalipwa na mtu mwingine. Sikilizeni nyimbo za siku hizi: majina, majina tupu. Mheshimiwa fulani, bosi fulani wa madini, mtoto wa bosi, bibi ya bosi. Hayo ndiyo mabanga: mwenye pesa analipa ili jina lake litajwe. Na sisi tunakasirika: «Wanamuziki wamekuwa waombaji, hawasemi tena shida za watu.» Waziseme namna gani? Aliyelipia studio ni yule yule anayepashwa kutengeneza barabara yenu. Ukilipa wewe, mwanamuziki anaweza kuimba juu ya umeme unaokatika na bomba lisilotoa maji. Usipolipa, ataimba jina la aliyelipa, na wewe utalicheza.

Serikali nayo ina deni lake. Desemba 2021 UNESCO iliiandika rumba ya Kongo katika urithi wa utamaduni usioshikika wa binadamu, wakubwa wakapiga picha. Baa na mabasi yetu yanapiga nyimbo kutwa nzima, mtunzi haoni hata franka. SOCODA ipo kwa kazi hiyo, iulizwe. Lakini hakuna sheria inayotukataza kulipa mlangoni.

Jumamosi, kundi la mtaa wako likipiga, lipa kabla ya kuagiza chupa. Na mwenye kutayarisha harusi aandike mwanamuziki kwenye hesabu, juu ya karatasi ile ile aliyoandika viti.