Altezza Iko Chini, Baba Watoto Yuko Chini Zaidi

Dada, mwenzio kalala uvunguni mwa Altezza, jeki ya chupa peke yake imebeba gari, na wewe unampelekea chai! Nimeyaona Tunduma, hatua chache kutoka barabara ya malori yaendayo Nakonde. Kila lori likipita, ardhi inatetemeka. Nilishindwa kuangalia.

Najua, gari likishushwa jeki haipiti chini yake. Basi mwambie kwanza apandishe magurudumu ya upande anaotaka kuinua juu ya mbao nene, apate nafasi. Kwenye udongo, jeki nayo iwekewe ubao, isizame. Na handibreki isiwape kiburi: kwenye Altezza inashika magurudumu ya nyuma tu. Mkiinua nyuma, gari halina breki! Tairi za mbele zizuiwe mbele na nyuma.

Jeki ni ya kuinulia, jamani. Kubeba ni kazi ya stendi za chuma, mbili. Tofali hupasuka bila hodi. Kabla hajaingia, lisukumeni gari kwa nguvu, wote wawili. Likicheza, haingii mtu. Chai mnywe barazani.