Usiku haumo ndani ya dosie



Tunaandika leo juu ya kazi ya usiku ambayo hakuna kampuni inaihesabu. Si timu ya usiku ya mgodini, si walinzi wa kwenye barrière. Ni kazi ya mama, bibi, dada, wakati mwingine mtoto wa miaka kumi na mbili, anayeamka mara tatu, mara tano, kumgeuza baba kitandani, kumbadilisha, kumpa maji, kumzuia asitoke nje. Asubuhi anaenda soko ao masomo sawa hakuna kitu kilipita. Na siku familia inapeleka dosie kwa CNSS juu ya ulemavu wa yule mgonjwa, ule usiku wote haumo. Ndani ya dosie kuna paka mchana.

Tuanze na sheria, maana wengi wanafikiri wanaenda kuomba zawadi. Sheria namba 16/009 ya tarehe 15 Julai 2016 njo inaongoza CNSS, ile tulizoea kuita INSS. Ina tawi la hatari za kazi: ajali za kazi na magonjwa ya kazi. Mchango wa tawi hilo unalipwa na mwajiri peke yake, haukatwi kwenye mshahara wa mfanyakazi. Aliyebaki na ulemavu wa kudumu ana haki ya malipo. Na kama hawezi kufanya mambo ya maisha ya kila siku bila msaada wa kudumu wa mtu mwingine, kuna nyongeza juu ya huyo anayemsaidia. Kwenye karatasi anaitwa « mtu wa tatu ». Nyumbani tunamwita mama.

Neno la kushika hapo ni « wa kudumu ». Msaada wa kudumu hauishe saa jua linazama. Lakini munganga anayekagua anamwona mgonjwa mchana, amekogeshwa, amevalishwa shati safi, amekalishwa kwenye kiti. Anauliza: anatembea? Anakula mwenyewe? Anavaa mwenyewe? Halafu, kalamu iko karibu kufika chini ya ukurasa: « Analala? » Mama anajibu: « Ndiyo munganga, analala. »

Analala kweli, juu yeye mama halali. Hilo hakulisema, na hatumlaumu. Bwana wake ameketi pale pale anasikiliza. Atasema namna gani mbele yake kwamba usiku anamsafisha sawa mtoto muchanga, kwamba amekata mashuka ya zamani kufanya nepi, kwamba wiki iliyopita mtoto wao mkubwa alisaidia kumbeba na baba akalia? Kwetu mambo hayo hayatoki nje ya mlango wa chumba. Tena kuna mazoea. Aliyeamka usiku miaka minne hahesabu tena. Anaona ni maisha, si kazi. Na kuna woga mwingine, hasa kwa wake wadogo: mashemeji wakisikia analalamika, watasema amechoka na ndugu yao, anatafuta njia ya kuondoka. Kwa hiyo anasema « analala », na munganga anaandika alichosikia.

Sasa tuseme usiku wenyewe ulivyo. Mtu aliyevunjika uti wa mgongo, udongo ulimwangukia ao gari lilimbinua, hasikii miguu wala matako yake. Sisi tukilala upande mmoja muda mrefu, mwili unauma na tunajigeuza bila kuamka. Yeye mwili haumwambii kitu. Damu inakosa kupita pale alipolalia, ngozi inakufa, kidonda kinaanza ndani mbele ya kuonekana nje. Ndiyo maana waganga wanafundisha kumgeuza karibu kila saa mbili. Hesabuni wenyewe, kutoka 21:00 mpaka 5:00. Kidonda kikiingia mpaka mfupa, uchafu unaenda ndani ya damu, na mtu aliyepona ajali anakufa kwa kulala. Kuna yule aliyeumia kichwa: mchana ametulia, usiku anaamka hajui aliko, anafungua mlango, anatafuta barabara. Kuna mwenye kifafa, ambaye si lazima umguse, lakini lazima mtu awe macho. Kuna mwenye mapafu yaliyoharibika na vumbi: akilala chali anakosa pumzi, basi mtu anamkalisha, anamwegemeza, anangoja naye.

Haya yote yanafanyika na tochi ya simu mdomoni. Maji ya mto Lualaba yanazungusha mitambo ya Nzilo na Nseke pale karibu na Kolwezi, moto unaenda kwenye migodi, na kwenye kartie mama anatafuta kidonda kwenye giza. (Juu ya SNEL tutaandika siku ingine, leo tungemaliza karatasi.)

Fasi zingine wameona jambo hili zamani. Uingereza, tangu 1971, wana malipo yanayoitwa Attendance Allowance, na hapo mchana na usiku ni maswali mawili mbalimbali. Wanauliza unaamshwa mara ngapi na kwa muda gani. Kuamka mara mbili, ao mara moja kwa dakika 20, kunaweza kutosha kuhesabiwa. Hata kukaa macho kumchunga mtu asijidhuru wanakuhesabia. Jirani zetu wa Tanzania, katika Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, wana malipo juu ya anayemhudumia aliyeumia kazini. Hatusemi kule kila mtu anapata haki yake. Tunasema kule swali linaulizwa, na hapa kwetu, kama fomu haiulizi, siye wenyewe tuliandike jibu.

Namna gani? Chukueni kaye ya shule. Usiku saba mfululizo, kila mtu akiamka, aandike saa, alichofanya, dakika ngapi, na watu wangapi walihitajika. Musiandike « anahitaji msaada mwingi usiku ». Maneno hayo hayabebi kitu; kila dosie inayo. Andikeni hivi: « 22:40, tumemgeuza upande wa kushoto, watu wawili, dakika 15. 0:50, amechafua shuka, tumemsafisha na kubadilisha, dakika 40. 3:10, tumemgeuza tena, tumeona wekundu kwenye nyonga. » Kisha muongeze mstari mmoja ambao watu wengi wanausahau: nini kingetokea kama hakuna mtu angeamka. Angebaki kwenye mkojo mpaka asubuhi. Angetoka barabarani. Angekosa pumzi. Andikeni pia usiku aliolala vizuri, juu munganga akiona usiku saba mibaya sawasawa hataamini hata mmoja, na atakuwa na haki. Jirani anayeitwa kusaidia kunyanyua aandike jina lake na aweke sahihi. Muuguzi wa kituo cha afya aliyefunga kidonda aandike kidonda kiko wapi na upana gani. Kama mama hawezi kusema mbele ya bwana wake, aombe kuongea na munganga peke yake, ao ampe kaye mkononi anyamaze.

Hata hivyo, kaye haifungui mlango kama mlango haupo. Ripoti ya RAID na CAJJ ya mwaka 2021 ilionyesha kwamba kwenye migodi mikubwa ya Lualaba waliyoichunguza, zaidi ya nusu ya wafanyakazi wako chini ya makampuni ya sous-traitance. Mtu wa namna hiyo akivunjika, kampuni ndogo inamwonyesha kampuni kubwa, kubwa inamwonyesha ndogo, na kumbe hakuwahi kuandikishwa CNSS. Tunaomba CNSS ya Lualaba ikague hilo kwenye lango la mgodi, si kwenye kitanda cha mgonjwa. Na tunaiomba jambo lisilo na gharama: iweke kwenye uchunguzi wa munganga mstari mmoja juu ya usiku.

Halafu wako bacreuseurs wa Kasulo na kwingine, ambao hawana mwajiri wa kutangaza ajali. Wako watoto waliozaliwa na ulemavu, ambao mgodi haukuwagusa ila mama zao hawalali vilevile. Kwao CNSS haisemi kitu. Kenya, serikali inalipa shilingi 2,000 kwa mwezi kwa nyumba yenye mtu mwenye ulemavu mkali anayechungwa saa 24. Ni kidogo, na mara nyingi inachelewa. Siye tuna kifungu cha 49 cha Katiba, tuna Sheria namba 22/003 ya tarehe 3 Mei 2022 juu ya haki za watu wenye ulemavu, na tuna Kodi ya madini ya 2018 inayopeleka asilimia 25 ya redevance kwa jimbo na 15 kwa komini na sekta ambako mgodi uko. Pesa ina anwani. Komini za Dilala na Manika zionyeshe, kwenye bajeti inayobandikwa ukutani, franka ngapi zimeenda kwa nyumba zenye mgonjwa wa kugeuzwa usiku. Kama ni sifuri, waandike sifuri, tuisome wote.

Kwa wale ambao dosie yao iko karibu kuingia: pigeni fotokopi ya kila ukurasa wa kaye mbele ya kuiacha ofisini, na muombe muhuri na tarehe juu ya kopi yenu. Wakikataa kuweka muhuri, andikeni nyuma ya kopi siku, saa, na giche namba ngapi.