Muda wa ziada si muda wa kuiba: rai yetu juu ya kutengeneza filamu ya katuni nyumbani



 Safari hii tunataka kuzungumzia jambo ambalo baadhi yenu mtalicheka na wengine mtalikunjia uso: watu wazima, wenye kazi na familia, kukaa jioni wakitengeneza filamu ya katuni.

Sisi ni miongoni mwa watu hao. Tuko wanne hapa Dadamu, pembeni mwa mji wa Arua: mwalimu wa shule ya msingi, fundi wa simu, mama anayeshona nguo na kijana aliyemaliza S.4. Hakuna hata mmoja wetu aliyeisomea kazi hii, na hakuna anayetulipa.

Rai yetu tunaitaja mapema ili msomaji asichoke kuitafuta. Tunaona kuwa kutengeneza filamu kwa muda wa ziada ni kazi njema na inazifaa familia za Kiislamu, ila kwa sharti moja. Muda huo uwe wa ziada kweli, usiibwe kwenye sala, kwenye riziki wala kwa watoto. Sharti hili tulilijua baada ya kulivunja sisi wenyewe.

Kwa nini tuliingia katika kazi hii

Jambo lenyewe lilianza kwa bibi mmoja jirani yetu. Jioni alikuwa akiwakusanya watoto uani na kuwasimulia kwa Kilugbara hadithi ya wanyama waliochimba kisima wakati wa ukame, na sungura aliyekataa kushika jembe, kisha akawa anakuja usiku kunywa maji kwa wizi. Hadithi hii inajulikana sehemu nyingi za Afrika kwa namna mbalimbali, lakini watoto wetu waliijua kwa sauti yake yeye. Simu za intaneti zilipoingia majumbani, watoto wakaanza kupungua uani, mmoja mmoja. Mwisho bibi akawa anasimulia mbele ya watoto wawili, na mmoja wao amelala.

Hatukumlaumu mtoto yeyote. Katuni ni tamu, na mtoto hufuata kitamu. Wala si kweli kwamba katuni zote zinatoka mbali. Tanzania, shirika la Ubongo lilianzishwa mwaka 2013, na mwaka 2014 kipindi chake cha Ubongo Kids kikaanza kuwafundisha watoto hesabu na sayansi kwa Kiswahili katika televisheni. Hapa Uganda, studio ya Creatures ya Kampala ilitoa filamu fupi ya A Kalabanda Ate My Homework mwaka 2017, na mwaka 2023 Raymond Malinga wa studio hiyo akaongoza Herderboy, moja ya filamu fupi katika mkusanyiko wa Kizazi Moto. Naye Mganda mwenzetu Solomon Jagwe, msanii huru anayeishi Marekani, ameunda katuni za The Adventures of Nkoza and Nankya, zinazowasikilizisha watoto Kiganda.

Tunajivunia kazi hizo zote. Lakini majumbani mwetu hatujawahi kuona katuni inayozungumza Kilugbara, Kikakwa au Kinubi. Tukajiuliza, ni nani atakayekuja kututengenezea? Tukamwomba bibi ruhusa, tukairekodi sauti yake kwa simu. Alisimulia dakika 11. Tukachagua dakika 3.

Hesabu ya kazi yenyewe

Ndugu msomaji, kabla ya kuingia humo piga hesabu. Kwa kawaida sinema huonyesha picha 24 kwa sekunde moja. Wachoraji wengi hupunguza kazi kwa kuchora 12 tu, kila mchoro ukaonekana mara mbili. Dakika 3 ni sekunde 180, kwa hiyo ni michoro 2,160. Mtu akichora 10 kwa saa moja, atahitaji saa 216. Akiwa na saa 4 za ziada kwa wiki, hizo ni wiki 54. Yaani mwaka mzima na zaidi, kwa filamu inayokwisha kabla chai haijapoa!

Zipo njia za kupunguza mzigo. Kisima, mwembe na anga huchorwa mara moja tu, vikakaa nyuma. Sungura naye unaweza kumkata vipande, kichwa, masikio, mikono na miguu, kisha ukamsogeza kidogo kidogo bila kumchora upya. Programu nazo zipo za bure. Blender imekuwa huru kwa kila mtu tangu mwaka 2002, ingawa matoleo yake mapya hutaka kompyuta yenye nguvu. Kwa kompyuta kuukuu kama yetu, Pencil2D inatosha kwa michoro ya mkono.

Kuhusu umeme, watu wa Arua hawahitaji kuelezwa. Tunakumbuka miaka ya jenereta. Mtambo wa maji wa Nyagak, wenye megawati 3.5, ulizinduliwa mwaka 2012, na gridi ya taifa ikatufikia mwaka 2024. Hata hivyo umeme hukatika, na fundi wetu alitufundisha jambo dogo lililotuokoa: kompyuta ihifadhi kila picha peke yake, usingoje ikutolee filamu nzima kwa mkupuo. Umeme ukikatika kwenye picha ya 300, ukirudi unaendelea na ya 301.

Waliotutangulia

Wapo watakaosema kazi hii ni ya makampuni makubwa. Historia inasema vingine. Mwaka 1926 mwanamama wa Kijerumani, Lotte Reiniger, alikamilisha filamu ndefu ya katuni kutokana na visa vya Alfu Lela Ulela, na ndiyo filamu ndefu kongwe zaidi ya katuni iliyobaki duniani. Aliifanya kwa miaka 3 hivi, pamoja na mumewe na wasaidizi wachache, katika chumba kilichokuwa juu ya gereji, kwa mkasi na karatasi nyeusi. Mwaka 1966 Moustapha Alassane wa Niger, mtu aliyesomea ufundi wa mitambo, alitoa filamu fupi ya vyura, Bon voyage Sim, na leo anahesabiwa miongoni mwa waanzilishi wa katuni za Afrika.

Wa karibu zaidi na hali yetu ni Mjapani Makoto Shinkai. Mwaka 1999, akiwa bado mwajiriwa wa kampuni ya michezo ya kompyuta, alitengeneza kwa muda wake mwenyewe filamu ya dakika 5 hivi juu ya paka na mwanamke anayeishi naye. Na Gints Zilbalodis wa Latvia alitumia miaka mitatu na nusu kutengeneza peke yake filamu yake ndefu ya kwanza, Away, iliyotoka mwaka 2019. Iliyofuata, Flow, aliifanya na kundi dogo kwa kutumia Blender hiyo hiyo ya bure, na mwaka 2025 ikapata tuzo ya Oscar.

Hatusemi kuwa sisi tutafika huko, wala siko tunakokwenda. Tunasema tu kuwa mlango haujafungwa.

Tulipokosea

Hesabu ya wiki 54 ilitutisha, tukataka kuishinda kwa kukesha. Mwenzetu mmoja akawa anakaa mbele ya kompyuta mpaka saa nane za usiku, chumba amekifunga watoto wasimsumbue. Alfajiri ikawa inampita, anaswali jua limeshachomoza. Kazini anasinzia. Mkewe hakusema kitu. Mwanawe wa miaka saba ndiye aliyesema:

"Baba, huyo sungura unamchorea mtoto gani?"

Ndugu wasomaji, swali hilo lilitufikia sote wanne. Midomoni tulikuwa tunasema kazi hii ni ya watoto, na huku watoto wenyewe tumewafungia mlango. Bibi yule simu ilimnyang'anya wasikilizaji wake, nasi tukawanyang'anya watoto baba yao kwa jina la hadithi ya bibi. Sote tunajua Mtume wetu (s.a.w.) ametufundisha nini juu ya afya na wakati wa faragha, kwamba ni neema ambazo wengi tunazipoteza. Na wakati hupotea kwa uvivu, na hupotea pia kwa kazi nzuri iliyowekwa mahali pasipo pake.

Kosa la pili lilikuwa kubwa zaidi. Tulipofika mchoro wa mia sita na kitu, bibi alifariki. Inna lillahi wa inna ilayhi raji'un. Hakuiona filamu. Wapo walioliona hili na kutuambia tungekesha zaidi angeiwahi. Sisi hatuoni hivyo. Wakati ule tayari tulikuwa na sekunde 50 za sungura akitembea, na sauti yake bibi ikisikika. Tungeweza kumpelekea simu uani jioni yoyote ile. Hatukumpelekea kwa sababu tulitaka kwanza iwe nzuri. Tuliona haya kwa michoro yetu, na haya hiyo ndiyo iliyomkosesha. Allah amrehemu na atusamehe.

Tangu hapo tumebadili utaratibu. Tunafanya kazi jioni mbili kwa wiki baada ya Isha, na tunafunga saa nne usiku hata kama sungura ameinua mguu mmoja. Jumamosi alasiri ni zamu ya watoto, na mlango uko wazi. Wanapaka rangi, wanakata vipande, wanaigiza sauti za fisi na kobe. Ili wapate maneno sahihi ya Kilugbara wanakwenda kuwauliza wazee. Ile rekodi ya bibi wameisikia mara nyingi mno hata wanaisimulia yote wenyewe, na pale alipokohoa wanakohoa nao.

Leo tuna dakika 1 na sekunde 40. Kila mwisho wa mwezi tunawaonyesha majirani kilichopo, kikiwa na makosa yake.

Suala la picha

Tunajua wapo ndugu wanaotilia shaka uchoraji wa viumbe vyenye roho. Hatuna elimu ya kutoa fatwa, wala ukurasa huu si mahali pake. Wanazuoni wametofautiana. Wapo wanaokataza, na wapo wanaoruhusu kilicho cha kuchezea na kufundishia watoto, wakitaja habari za Bibi Aisha (r.a.) na vinyago vyake vya kuchezea. Sisi tulimwendea shehe wetu kabla ya kuanza, tukamweleza kila kitu, tukafuata ushauri wake. Nawe tunakuomba umwendee wako. Mambo mengine hayahitaji mjadala: Mitume na Masahaba hatuwachori, mtu hatumdhihaki, na watoto hatuwafundishi matusi kwa kisingizio cha kichekesho.

Nasaha zetu

Kwa yeyote anayetaka kujaribu, tunashauri haya:

1. Anza na sekunde 30. Filamu fupi iliyokwisha ina faida kuliko ndefu iliyokufia njiani.

2. Rekodi sauti za wazee sasa, hata kama hujui utazitumia lini. Michoro inaweza kungoja.

3. Panga saa ya kuacha kazi kabla ya kupanga saa ya kuanza.

4. Onyesha kazi mapema, hasa kwa yule unayemtengenezea.

5. Wanafunzi, likizo ile ndefu ya kungoja matokeo ya S.4 ni hazina. Lakini wakati wa masomo, somo ndilo kazi na filamu ndiyo ziada. Msigeuze.

6. Wazazi, mkimwona kijana anachora usiku, kabla ya kumfokea ketini naye kidogo mmwulize anachora nini. Huenda ni upuuzi. Huenda pia ni hadithi ya mama yenu.

Tunamalizia hapa. Yule mtoto wa miaka saba sasa ndiye sauti ya sungura. Wiki iliyopita alitaka turudie mara nne mahali sungura anapokamatwa kisimani, kwa sababu, alisema, bibi hakusema hivyo. Tulisikiliza rekodi. Alikuwa sahihi, tukarudia.

Tunamwomba Allah azibariki nyakati zetu, awahifadhi wazee wetu waliobaki, na atujaalie tusiwafungie mlango wale tunaowafanyia kazi. Amin.

Wabillahi tawfiq.